Mageuzi Yafike Hadi Shuleni

Hotuba ya wakili mmoja wa harakati zetu kwa wazazi na washirika wa makanisa, Masara, Suna Magharibi



Tulipoalikwa hapa, wengi walidhani tunakuja kunena juu ya vyama na uchaguzi. Hatukuja kwa hilo. Tumekuja kunena juu ya shule za umma ambamo watoto wenu wanasoma, na juu ya nafasi ya mzazi katika shule hizo. Msidhani kwamba kwa kufanya hivyo tumeyaacha mageuzi. Serikali iliyo karibu zaidi na mwananchi wa Masara si ile ya Nairobi, wala si ile ya Migori mjini. Ni ile inayoweza kumwambia mtoto wake asubuhi, "Rudi nyumbani." Ikiwa mwananchi hana sauti mahali pale, basi mageuzi hayajamfikia, hata akipiga kura kila baada ya miaka 5.

Tulikotoka

Sisi tunaosema nanyi tuko katika miaka ya arobaini. Tulikuwa watoto wa shule ya msingi Desemba 1991, wakati Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa na Kenya ikarudi katika vyama vingi. Wazazi wetu walikuwa wangali wakisimulia uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo mpiga kura alisimama hadharani nyuma ya mgombea wake au wakala wake, chifu akimwona na mwajiri akimwona, na bado mwenye mlolongo mfupi aliweza kutangazwa mshindi. Waliothubutu kusema kwamba jambo lile lilikuwa uovu walikuwa wachache, na baadhi yao walilisema kutoka mimbarini: Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Askofu Alexander Muge wa Eldoret, na Kasisi Timothy Njoya.

Siku zile zile sisi watoto tulikuwa na mlolongo wetu. Asubuhi, baada ya wimbo wa taifa, majina ya wasiolipa yalisomwa, nasi tukatoka mstarini mbele ya wenzetu, tukashika njia ya nyumbani. Serikali ilikuwa imeingia katika mpango wa kugawana gharama, na kile isichokilipa ilimwachia mzazi. Mzazi akauza kuku, akauza debe la mahindi, kisha akaenda peke yake kwa mwalimu mkuu kuomba siku chache. Hatukumbuki hata mara moja kuona wazazi kumi wakienda pamoja. Walikutana kujenga darasa kwa harambee, na tunawaheshimu sana kwa hilo, lakini hawakukutana kuuliza fedha za darasa zilikwenda wapi. Deni la karo lilikuwa aibu ya kila nyumba, na aibu haiitiwi jirani.

Hata kama wangetaka kukutana, sheria ya wakati ule ilidai leseni kwa mkutano wa hadhara. Ni marekebisho ya 1997, yaliyotokana na mapatano ya IPPG, yaliyoondoa leseni ile na kuweka taarifa tu mahali pake. Leo Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukutana kwa amani, bila silaha, na kuwasilisha malalamiko yake kwa wenye mamlaka. Haki hiyo ilipatikana kwa gharama kubwa. Je, sisi wazazi tumeitumia?

Wala kudai shule kwa pamoja si jambo geni kwetu. Mwaka 1921, ng'ambo ile ya Ghuba la Winam, wazee wetu walikutana Lundha katika Gem, na harakati zao zikaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walilalamikia kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Lakini miongoni mwa madai hayo waliweka pia shule: walitaka serikali iwajengee shule yake, wasitegemee misheni peke yake. Mwaka uliofuata gavana alikuja kuwasikiliza, na baadhi ya madai yao yakakubaliwa. Hawakuwa na kura, wala hawakuwa na katiba ya kuwalinda. Walikuwa na watu wengi waliokaa mahali pamoja na kusema neno moja.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikalifafanua jambo hilo, na katika sheria hiyo elimu ya msingi haiishii darasa la nane la zamani. Inafika hadi mwisho wa sekondari. Tunaomba mkishike Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kama mnavyoshika namba ya kitambulisho. Kinasema mambo matatu. Kwanza, shule ya umma haimtozi Mkenya karo ya masomo. Pili, malipo mengine yanaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, lakini mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa sababu malipo hayo hayajatolewa. Tatu, mtu yeyote asikusanye mchango bila kutoa risiti rasmi.

Sheria hiyo hiyo inamweka mzazi ndani ya shule, si langoni. Kila shule inapaswa kuwa na Chama cha Wazazi, na kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama. Haihitajiki kadi, wala ada ya kujiunga, wala kujulikana na mkubwa yeyote. Kamati yake ina mwakilishi wa kila darasa pamoja na walimu wawili, na huchaguliwa katika mkutano mkuu wa mwaka. Mwenyekiti na wanakamati wengine wawili huingia katika Bodi ya Usimamizi. Bodi yenyewe ina nafasi sita za wawakilishi wa wazazi au wa jamii ya mahali, na nafasi tatu za mdhamini, ambaye mara nyingi ni kanisa.

Basi tuulizane. Ni nani kati yetu anayeyajua majina ya hao sita? Ni nani aliyewachagua, na siku gani? Tumeuliza swali hili katika mikutano mingi ya namna hii, na mara nyingi jibu ni kicheko. Tunakielewa kicheko hicho. Lakini bodi ambayo wazazi hawaijui ni mlolongo wa 1988 uliohamia shuleni.

Mama aliyekuja ofisini

Tuwape mfano mmoja. Hatutataja shule wala mtu.

Mama mmoja wa sehemu hizi alikuja ofisini mwetu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya michango: dawati, mitihani, chakula, mlinzi, masomo ya jioni, na kitu kilichoandikwa "maendeleo". Hakuwa na risiti hata moja. Binti yake alikuwa nyumbani wiki ya pili. Kifungua mimba wake, kijana wa miaka 14, alikuwa amefukuzwa kwa deni la namna hiyo hiyo mwaka uliotangulia, akaenda machimboni kuosha dhahabu "kwa siku chache tu, Wakili, apate pesa arudi." Hakurudi. Ninyi mnaoishi kati ya Macalder, Osiri na hapa hamhitaji kuelezwa mtoto hujifunza nini katika mashimo yale, akishika zebaki kwa mikono mitupu.

Mama huyu alitaka tumwandikie barua moja kali ya wakili. Tulimuuliza kama alikuwa amekwenda shuleni. Alisema alikwenda mara tatu, na kila mara aliambiwa kwamba yeye peke yake ndiye anayelalamika. Tukamwambia ukweli: barua yetu itamfungulia binti yako lango kwa muhula mmoja, na muhula ujao utarudi hapa. Nenda ukawatafute wengine walioambiwa kwamba wako peke yao.

Alirudi baada ya wiki mbili na wazazi kumi na mmoja. Wengi walikuwa akina mama, wawili walikuwa nyanya wanaolea wajukuu. Tukaketi nao, tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Haikumtuhumu mtu. Iliuliza maswali manne: muhula huu serikali imeleta shilingi ngapi na ziliingia lini, zimetumiwaje, ni michango ipi iliyopata idhini, na barua ya idhini iko wapi, na watoto walio nyumbani watarudi siku gani.

Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo sisi mawakili hatukulitazamia. Mwalimu mkuu, alipowaona wako kumi na wawili na wana karatasi, hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa vitabu. Fedha za serikali zilikuwa zimechelewa, nazo zilipofika zilikuwa pungufu. Walimu watatu hawakuwa wameajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu, bali walikuwa walimu wa bodi, na mishahara yao ilitoka katika ule mchango wa "maendeleo". Mpishi alikuwa akidai miezi minne. Mwalimu mkuu alikuwa akiwafukuza watoto kwa kuwa hakujua mlango mwingine wa kubisha.

Hatusemi kwamba alitenda haki. Sheria ilikuwa upande wa watoto, na alielezwa hivyo. Lakini siku ile hesabu zilisomwa mbele ya wote. Mchango mmoja ukafutwa kwa kuwa hakuna aliyeweza kueleza kazi yake. Iliyosalia ikapelekwa kuombewa idhini, na risiti zikaanza kutolewa. Watoto wakarudi darasani Jumatatu. Kisha ikaandikwa barua ya pili, safari hii kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, kuomba walimu watatu na kuuliza kwa nini mgao wa serikali unachelewa. Barua hiyo ilitiwa sahihi na wazazi, na chini ya sahihi zao mwalimu mkuu akatia yake. Hadi leo wamepata mwalimu mmoja. Wanaendelea kuandika. Yule kijana yungali machimboni.

Namna ya kujipanga

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, tunasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mwana, na desturi iliwanyima urithi. Hawakunung'unika kisimani. Walikwenda wote watano, wakasimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani na wakuu. Wakaeleza jambo lilivyo. Wakaomba kitu kimoja kinachoeleweka. Mungu akasema wamenena haki, na sheria ikabadilishwa kwa ajili yao na kwa ajili ya waliokuja baada yao. Mpango tunaoupendekeza ni ule ule.

Anzeni na darasa moja. Wazazi wa darasa moja hufahamiana, na kukutana kwao hakuhitaji jukwaa. Mchague mwakilishi, na mwingine wa kuandika kumbukumbu. Kumbukumbu ziandikwe hata kama mkutano ni wa watu wanane chini ya mti: tarehe, waliohudhuria, lililokubaliwa. Mahakamani na ofisini, neno lililoandikwa siku ile ile lina uzito kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.

Dai risiti, na uitunze. Asiyepewa risiti aandike siku, kiasi, na aliyepokea.

Ulizeni kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba habari kutoka taasisi ya umma kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ombi lenyewe halilipiwi, isipokuwa gharama ya kunakili. Asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa mwenyewe. Jibu linapaswa kuja ndani ya siku 21. Wakinyamaza au wakikataa, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, nayo ina mamlaka ya kulipitia jambo hilo.

Pandeni ngazi kwa utaratibu. Mwalimu mkuu kwanza. Kisha Bodi ya Usimamizi. Kisha afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mwenendo mbaya wa mwalimu upelekwe kwa Tume ya Kuajiri Walimu. Shule za chekechea ziko chini ya serikali ya kaunti, lakini msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Msipoteze miezi mkimlaumu gavana kwa jambo lisilo mikononi mwake. Wala msianze na mwanasiasa. Akilishika jambo lenu kabla hamjalishika ninyi, litakuwa lake, na baada ya uchaguzi litakufa.

Juu ya hofu

Tunajua mnayoyawaza. Mzazi husema: nikisimama nikasema, mtoto wangu ndiye atakayeonewa darasani. Hofu hii si ya bure, nasi hatutawadanganya kwamba hakuna mwalimu wa namna hiyo. Ndiyo sababu barua isitaje jina la mtoto yeyote. Itoke kwa Chama cha Wazazi, na ipelekwe na watu wasiopungua watatu. Sheria ya 2013 inakataza viboko na inakataza pia kumnyanyasa mtoto kwa maneno na vitisho. Mtoto mmoja akiguswa kwa ajili ya barua ile, liwe jambo la wazazi wote siku hiyo hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenye kutaka kulipiza kisasi hutafuta aliye peke yake.

Lakini nasi tuwe waadilifu. Mwalimu si adui. Wengi wao wana madarasa yaliyofurika, na wengine ni wazazi katika shule hizo hizo. Chama cha Wazazi kinachokutana ili kumtukana mwalimu kitawakimbiza walimu wema na kuwaacha wabaya. Na ninyi mlioko katika harakati, msikigeuze chama hiki kuwa tawi la chama cha siasa. Katika darasa moja wamo watoto wa kila upande, Waluo, Wakuria, Waluhya na Wasuba, wa serikali na wa upinzani, na deni la dawati haliulizi mzazi alimpigia nani kura.

Neno kwa makanisa

Mwisho tunasema na ninyi viongozi wa makanisa. Shule nyingi za sehemu hizi zilianzishwa na misheni, na hadi leo kanisa ni mdhamini. Mna nafasi tatu katika bodi. Nani ameketi humo? Je, huleta habari kwa washirika, au huenda kunywa chai na kutia sahihi? Kanisa lililokuwa na ujasiri wa kuukemea mlolongo hadharani halishindwi kumwambia mwakilishi wake katika bodi asimame aeleze hesabu za shule baada ya ibada.

Mna pia kitu ambacho sisi mawakili hatuna. Mna jengo, mna kengele, na kila juma watu huja bila kuitwa. Wapeni wazazi nusu saa baada ya ibada, mara moja kwa mwezi. Wapeni kabati la kutunzia kumbukumbu zao. Na mtoto akirudishwa nyumbani, mzee wa kanisa aende pamoja na mzazi shuleni, asimwache aende peke yake.

Ndugu zetu, hatuwaombi mambo makubwa leo. Kabla ya muhula huu kwisha, tunaomba kila darasa katika shule zenu liwe na mwakilishi anayejulikana kwa jina. Tunaomba kila shule ipate barua moja yenye yale maswali manne. Na tunaomba kila kanisa lililowakilishwa hapa lihesabu ni watoto wangapi wa washirika wake walio nyumbani, na wangapi walio machimboni, na hesabu hiyo isomwe ibadani. Ofisi yetu itayasoma majibu mtakayopata, na penye haja ya kwenda mbele tutakwenda pamoja nanyi, bila malipo.

Kwa sasa tunawaachia wakati wa maswali, tukianza na akina mama walioketi kule nyuma.